Kifurushi cha Mama Vifungo

Kila mahali pa kazi pana mtu mmoja wa kutumwa. Si bosi wala mwenye cheo. Ni yule ambaye siku moja alifanya jambo likampendeza kila mtu, basi likamganda kama gundi. Katika karakana moja ya kushona sare za hoteli na za hospitali, mtu huyo alikuwa mkata vitambaa, mwanamke mwenye mkasi mkubwa kama mdomo wa bata na jicho lisilopitwa na kitu. Walimwita Bi Macho. Kila mwisho wa mwaka, karakana ilipokaribia kufungwa kwa likizo, wenzake walichanga kidogo walichokuwa nacho, wakamtia mkononi. "Haya, Bi Macho, nenda katuchagulie."

Zawadi zenyewe zilikuwa vitu vidogo, vya bei ya kuokota, lakini zilikuwa na sheria zake. Kila moja ilifungwa ndani ya kipande cha kitambaa kilichobaki mezani, ikakazwa kwa utepe. Jina halikuandikwa. Kifurushi kiliwekwa pale mwenyewe anapofanyia kazi: cha mpiga pasi juu ya meza ya pasi, cha mshona ovaloki, ule mshono wa kuzuia kingo za kitambaa zisifumuke, kwenye mashine yake. Mahali pako ndipo jina lako. Siku ya kufunga kila mtu alifungua chake mbele ya wote, na wote walikuwa na ruhusa ya kucheka.

Bi Macho alikuwa na kipaji, hilo hata wasiompenda walikubali. Mpiga pasi, mtu wa makamo waliyemwita Baba Mvuke, aliwahi kufungua kifurushi akakuta soksi nzito. Alizitazama, akaitazama miguu yake. Miaka yote hiyo alisimama juu ya saruji baridi huku kichwa kikichemka kwa mvuke, na hakuna aliyejua kwamba nyayo zilimuuma. Pengine hata yeye mwenyewe hakujua.

"Umejuaje?" aliuliza.

"Nimejuaje! Mtu unashinda naye kutwa nzima, usijue anakosa nini, wewe ni mtu au gogo?"

Maneno hayo yakawa methali ya mle ndani. Ukimwokotea mtu uzi wake ulioanguka, anakwambia, "Ahsante, wewe si gogo."

Yeye Bi Macho hakuna aliyemchagulia. Kinyozi hajinyoi. Akishamaliza ya watu alijichukulia leso moja, ile iliyokuwa karibu na mkono, akajifungia, akajifungulia, akajishangaa kwa kinywa kipana ili wenzake wacheke.

Sasa mwaka tunaousema, wakati wa kuchanga ulipofika, Bi Macho alikunja mikono kifuani.

"Mwaka huu atafutwe mwingine."

Mshona ovaloki alisimamisha mashine. Huyo aliitwa Redio, kwa kuwa hakuwa na pa kuzimia. "Mwingine nani, dada? Mimi nikienda nitawanunulia nyote vikombe, tena vya rangi moja."

"Vikombe vina ubaya gani?"

"Heee! Wewe wa kusema hivyo?" Redio aliuelekeza mdomo ukutani, juu ya meza ya vifungo, akashusha sauti. "Au ni kwa ajili ya kile?"

Hakuna aliyegeuka kutazama. Wote walikijua.

Juu ya meza ya vifungo palikuwa na rafu ya mbao, na juu ya rafu palikuwa na kifurushi kidogo cha kitambaa cha kijani, kimeota vumbi la pamba kama mkate uliosahauliwa. Ilikuwa zawadi ya mwaka uliopita. Mwenyewe hakuifungua. Mwenyewe alikuwa Mama Vifungo.

Mama Vifungo na Bi Macho walikuwa pete na kidole. Mmoja aliianza nguo, mwenzake akaimaliza: Bi Macho ndiye aliyetia mkasi wa kwanza, Mama Vifungo ndiye aliyetia kifungo cha mwisho. Alivaa subana, ile kofia ya bati ya kukinga kidole na sindano, na kila alipokata uzi aligonga nayo ukingo wa meza. Tk, tk. Hakujua kwamba anagonga. Ukimwambia, alikuruka. "Mimi? Labda masikio yako yanagonga!" Na mwanamke huyu aliyewafunga watu wazima na watoto wao hakuwa na kifungo hata kimoja kwenye sweta lake mwenyewe. Sweta la kijivu, kuukuu, amelikamata kifuani kwa pini.

"Aibu, shoga," Bi Macho alikuwa akimwambia. "Dunia nzima umeisitiri, wewe uko wazi kama dirisha."

"Siku mkiniona nimefunga sweta hili mpaka shingoni, jueni nimekufa." Wakacheka mpaka msimamizi akakohoa.

Basi, akafa kweli. Mwisho wa mwaka ule alikuwa mgonjwa, siku ya kufunga hakuja, wakamwachia kifurushi chake mezani wakijua atakikuta wakirudi. Likizo haikuisha. Siku ya kumuaga, Bi Macho alipita mbele ya jeneza akaona sweta la kijivu limefungwa mpaka shingoni. Aligeuza uso kama aliyechomwa. Wamemvalisha wasiomjua, alisema moyoni, na hakutazama tena.

Karakana ilipofunguliwa, kifurushi kilikuwa kimekwisha kupandishwa rafuni. Dada wa marehemu alikuja kuchukua vitu vyake: mto wa kukalia, kikombe, kitana. Aliitafuta na subana, kila droo ikapinduliwa, subana haikuonekana. Alipoonyeshwa kifurushi, alirudisha mkono nyuma.

"Hicho ni cha kazini kwenu. Hakukifungua akiwa hai, mimi nikifungue kama nani?"

Kikabaki. Na baada ya hapo ndipo Redio, ambaye mashine yake ilishikamana na ukuta ule, alipoanza kukaa kimya vipindi virefu, jambo lililowatisha wenzake kuliko radi. Mwishowe akasema. Anasikia kugonga. Tk, tk. Tk, tk. Walimcheka, halafu Baba Mvuke akasikia, halafu Bi Macho. Sauti ilikuja kazi ikiwa imepamba moto, chini ya kelele za mashine, kama mtu aliye chumba cha pili. Ukisimama kusikiliza, inakoma. Waliacha kuitaja. Walianza tu kwenda kunywa maji wawili wawili.

Lakini kilichomla Bi Macho si kugonga. Kilikuwa kitu ambacho hakumwambia mtu: hakukumbuka kifurushini mna nini.

Alikumbuka soksi za Baba Mvuke. Alikumbuka alichompa kila mtu, kila mwaka, mpaka mfagizi aliyefanya kazi nao kipindi kifupi akahama. Cha shoga yake hakukikumbuka. Alijiona yuko kwenye vibanda, alijiona anafunga utepe, na katikati palikuwa peupe, kama chaki iliyopanguswa juu ya kitambaa. Kwa hiyo alijiuliza usiku na mchana: nilimpa nini? Nilimfikiria hata kidogo, au nilimwokotea chochote kwa sababu wa nyumbani hangoji sahani nzuri? Yeye, mwenye macho! Kwa mtu ambaye alikuwa nusu ya mwili wake! Kama ndani ya kile kitambaa mlikuwa na takataka, basi sifa yake yote ilikuwa uongo, na urafiki wenyewe je?

Wenzake walipomwuliza, alijibu, "Zawadi ni siri ya mwenyewe." Wakamwona ni mtu wa heshima. Hilo nalo lilimuuma.

Nyumbani alilala na mumewe, fundi baiskeli, mtu ambaye hata paa likianguka ataliuliza asubuhi. Aliyesikia kila kitu ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kuwatembelea kipindi cha mvua na mvua ikaisha bila yeye kuisha.

"Wifi, jana tena umeongea usingizini," alisema wifi, akipuliza chai. "Unamwambia mtu, sema basi, sema basi. Kaka yangu huyo hasemi hata akiwa macho. Ni nani?"

Bi Macho akamweleza ndoto. Mama Vifungo anasimama mbele ya meza yake, sweta limefungwa mpaka shingoni. Hasemi. Anashika kifua cha sweta kwa vidole viwili, anamtazama yeye tu. Anangoja.

Wifi aliweka kikombe chini. "Anadai."

"Anadai nini?"

"Zawadi yake. Mmemwekea juu, yeye yuko chini."

"Wifi, wewe kufariji hukujaliwa kabisa."

"Nikufariji mimi ni biskuti? Kifungueni."

Rahisi kusema. Lakini mambo yalikwisha kuwa na mguu wa tatu. Meza ya vifungo ilikuwa na mtu mpya, msichana mtaratibu aliyefika katikati ya mwaka. Hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Mgeni, na mgeni akabaki mgeni. Walimpa kazi, walimpokea kazi, na walipozungumza naye macho yao yalipaa hadi rafuni, kana kwamba wanaomba ruhusa kwa mwenye meza. Bi Macho ndiye aliyezidi. Alimletea makoti ya kutiwa vifungo akayatua ukingoni mwa meza, akageuka bila kuinua kope. Kila alipojaribu kumtazama msichana yule, alimwona mtu mwingine.

Siku ileile ya kuchanga, Mgeni alimwendea msimamizi. Msimamizi alikuwa mwanamume mwembamba waliyemwita Bwana Saa, kwa kuwa aliitazama saa yake hata alipokuwa anasalimiwa.

"Nikienda likizo sitarudi," Mgeni alimwambia, mbele ya wote, bila kupandisha sauti. "Kazi naipenda. Lakini nimekalia kiti cha mtu, na huyo mtu yuko juu ya kichwa changu. Nanyi mnamwogopa yeye, mnanichukia mimi."

"Hakuna anayekuchukia," alisema Redio.

"Jina langu nani?"

Redio, mtu wa maneno, aliinamia mashine yake akaanza kupitisha uzi ambao ulikwisha kupita.

Bwana Saa alitazama saa, akatazama rafu. "Siku ya kufunga kile kitu kinashuka. Bi Macho, wewe ndiwe uliyekinunua. Utatuambia kina nini, kisha tutaona kama ni cha kufungua au cha kuchoma. Na zawadi utakwenda kununua wewe, tusianze mwaka na vikombe."

Akaenda, basi. Vibanda vya vikorokoro vilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya soko, vimebanana kama meno, na Bi Macho alivijua kama nyumba yake. Kwa Redio alichukua kopo la peremende, angalau mdomo ule upate kazi nyingine. Baba Mvuke, kitaulo cha shingoni. Bwana Saa, mnyororo wa kufungia ufunguo wa stoo kwenye mkanda, aache kuwasachi watu kila alipoupoteza. Mlinzi wa getini, mzee waliyemwita Babu, betri za tochi yake, maana siku hizi aliipiga tochi ile kofi ndipo iwake. Mkono wake ulikuwa bado unajua kazi.

Halafu Mgeni. Bi Macho akasimama kibandani, akafumba macho ili amwone. Aliiona meza. Aliiona sindano ikipanda na kushuka. Aliona vidole, na kimoja kilikuwa na subana.

"Mama, umesinzia?" aliuliza mwenye kibanda.

"Nifikirie kwa utulivu, nawe acha kelele. Hebu, mwaka jana nilinunua nini hapa?"

"Mimi mke wangu amevaa nini asubuhi hii sikumbuki, nikukumbukie wewe ya mwaka jana?"

Bi Macho alisukuma kando kadi za vifungo zilizoning'inia mbele ya uso wake, akatazama vitana, vioo, visu vya kumenyea. Kila kitu kilikuwa cha mtu fulani, hakuna kilichokuwa cha Mgeni. Akarudi bila chake. Ilikuwa mara ya kwanza.

Siku ya kufunga, vifurushi vilikaa kila kimoja mahali pake. Juu ya meza ya vifungo palikuwa patupu. Mgeni aliona tangu alipoingia. Alitundika mkoba wake, akakaa, akashika koti, akaanza kushona kama siku yoyote.

Watu walifungua. Redio alitikisa kopo lake. "Yaani ninyamaze?"

"Unyonye," alisema Baba Mvuke, kitaulo kikiwa kimekwisha kumkaa shingoni. "Ukinyonya, sisi tutashukuru."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, kilipita kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa. Bwana Saa alijifunga mnyororo wake mkandani, akaujaribu, akasema, "Haya. Kile."

Bi Macho alisimama karibu na meza yake ya kukatia, mkasi mkononi kama anayejihami. Alikwisha kujiandalia uongo. Angesema ni leso. Leso hainyimi mtu heshima. Akafungua kinywa, akamwona Mgeni pale chini ya rafu, kainamisha shingo, hakuwekewa kitu, na uongo ukamkwama.

"Sijui kina nini," alisema.

"Hujui vipi, dada?" aliuliza Redio.

"Nimesahau. Mwaka mzima nawadanganya. Cha kila mtu nakikumbuka, chake sikikumbuki. Sijui nilimpa nini." Aliuweka mkasi mezani. "Huenda si kitu."

Hapo Mgeni aliinuka, akapanda juu ya stuli, akakishusha kifurushi kwa mikono miwili, akakipuliza. Vumbi likapaa kama moshi. Alikigeuza, akakigeuza tena.

"Dada, wewe ndiwe uliyekifunga?"

"Mimi."

"Kwa utepe?"

"Kila mwaka kwa utepe. Kwani vipi?"

"Hiki hakina utepe. Kimeshonwa."

Alikileta hadi kwenye meza ya kukatia, akakiweka mbele ya Bi Macho, ambaye mwaka mzima hakukisogelea. Mdomo wa kitambaa ulikuwa umekunjwa ndani, ukashonwa kwa uzi mweupe wa mara mbili, kisha uzi ukazungushwa shingoni na ncha ikafichwa chini.

"Hivi ndivyo alivyoshona vifungo vya makoti," alisema Mgeni. "Makoti ya zamani yakirudi kurekebishwa, mimi ndiye ninayefumua kazi yake. Kila siku nafumua. Sura yake siijui, lakini mkono wake naujua. Huu ni wake."

Baba Mvuke alirudi nyuma, nusura akalie pasi. "Toka lini maiti akashona?"

"Nilisema mimi!" Redio alipiga kelele. "Nilisema anakuja humu, mkaniona mwehu!"

"Alikuja, ndiyo," ilisema sauti mlangoni.

Mshtuko uliowapata hausimuliki. Alikuwa Babu mlinzi, kaja kuchukua betri zake.

"Alikuja akiwa hai, nyie!" alisema, akiwashangaa. "Mwaka jana, jioni ya siku mliyofunga. Kavaa lile sweta lake, kapauka kama karatasi, kesho yake alikuwa anakwenda kulazwa. Akaniambia, Babu nifungulie nichukue zawadi yangu, na usiwaambie, watanicheka nimeshindwa kusubiri kama mtoto. Nikamfungulia. Akawasha taa ya pale kwenye meza yake, akakaa kidogo anashona, akatoka."

"Na hukusema mwaka mzima!" alifoka Redio.

"Alinikataza. Na nyinyi mliniuliza? Mimi kwenu ni geti. Geti huulizwa?"

Bi Macho alikitazama kifurushi. "Kama alichukua zawadi yake," alisema polepole, "basi hiki ni nini? Na kwa nini akiache mezani kwake?"

Hapo Bwana Saa alitazama saa yake, na hakuna aliyemwuliza saa.

"Hakikuwa mezani kwake," alisema.

"Unasemaje?"

"Tulipofungua mwaka, mimi ndiye niliyeingia kwanza. Kilikuwa hapa. Juu ya meza yako wewe ya kukatia, katikati. Nikakitambua kile kitambaa cha kijani, ni chake, nikasema, kimehamishwa wakati wa kufagia, na sasa mwenzie amekufa, akikikuta atachanganyikiwa. Nikakipandisha rafuni. Nilifanya kwa wema."

Redio alipiga mikono kwa pamoja. "Mahali pako ndipo jina lako! Bwana mkubwa, umetutisha mwaka mzima kwa wema wako!"

Kwa hiyo kilikuwa cha kwake. Mwaka mzima Bi Macho alikwepa kona ile, aliandamwa na macho ya ndotoni, na kifurushi kilikuwa chake, kimeshonwa na mtu aliyebakiwa na nguvu ya sindano tu. Mkata nguo wa miaka yote alishindwa kukata uzi mmoja. Mgeni alimshikia kitambaa kikanyooka, ndipo mkasi ukapita.

Ndani mlikuwa na kikopo cha bati, kile cha mafuta ya kupaka midomo. Ndani ya kikopo mlikuwa na subana, imebonyea upande mmoja kwa kugonga. Na kando yake kifungo kimoja cha buluu, chenye ua lililochongwa.

Bi Macho alikishika kile kifungo akakaa chini sakafuni.

Ilirudi yote. Alikuwa amesimama kwenye kile kibanda, amekwisha kuwanunulia wengine, akaziona zile kadi zikining'inia, akacheka peke yake. Vifungo! Mwenye kibanda alidhani mama huyu ana wazimu, karakana imejaa vifungo naye ananunua vifungo. Lakini vile vilikuwa vya sare, vyeupe, vya watu. Hivi vilikuwa vya buluu, vyenye maua, vya sweta moja la kijivu. Alikuwa ametamani aone uso wake. Hakumfikiria kidogo. Alimfikiria kuliko wote.

Naye akavishona. Kadi ilikuwa na kimoja cha ziada, akakirudisha, pamoja na kidole chake cha bati, kama mtu anayejibu barua. Siku ya kumuaga havikuwa vimetiwa na wasiomjua. Alivitia mwenyewe, akiwa hai, mpaka shingoni. Na katika ndoto, alipokuwa anashika kifua kwa vidole viwili, hakuwa anadai. Alikuwa anaonyesha.

"Nami nikageuza uso," alisema Bi Macho. "Nyie, nilimgeuzia uso."

Walimwacha alie. Kisha Baba Mvuke, mtu wa kupenda sababu, alirudisha subana kikoponi, akakiweka rafuni, akamwambia Redio awashe mashine. Ovaloki ikanguruma, ukuta ukatetemeka, rafu ikatetemeka, na ndani ya kikopo, tk, tk. Tk, tk.

"Bati!" alipiga kelele Redio. "Nimekonda kwa ajili ya bati!"

Walicheka kicheko cha kweli sasa, kile cha kushika mbavu, hata Bwana Saa. Mgeni alikuwa amerudi kwenye stuli yake, anacheka mkono ukiwa mdomoni. Bi Macho akafuta machozi kwa aproni, akainua kichwa, na kwa kuwa alikuwa sakafuni aliona kitu ambacho asingekiona akiwa amesimama. Mama Vifungo alikuwa mrefu. Stuli ilikuwa yake. Miguu ya Mgeni haikufika chini. Ilining'inia hewani, kifundo kwa kifundo, kama ya mtoto kanisani, na vifundo vilikuwa vimevimba. Tangu katikati ya mwaka.

Bi Macho aliinuka, akatoka bila kuaga. Upande wa pili wa barabara palikuwa na seremala anayeuza vigoda vya mabaki ya mbao. Alirudi na kimoja kwapani, akakizungushia kitambaa cha kijani kilekile kilichokuwa cha kifurushi, kikafunika kiti na kuacha miguu nje kama kuku aliyefungwa vibaya. Akapiga magoti, akakisukuma chini ya meza ya vifungo, mpaka kikakutana na viatu vya msichana.

Mgeni alishusha miguu. Alifumba macho kidogo. "Umejuaje?" aliuliza.

"Sikujua," alisema Bi Macho. "Nilikuwa gogo. Unaitwa nani, mwanangu?"

Akamwambia. Bi Macho akalirudia jina mara mbili, kwa sauti, wote wasikie.

"Likizo ikiisha unarudi?"

"Kigoda changu nimwachie nani? Narudi."

Jioni watu waliaga mmoja mmoja. Bwana Saa alizima swichi kubwa, mashine zikafa, taa zikafa, ukabaki mwanga wa madirisha ya juu. Alitangulia getini na ufunguo wake mkandani. Ndani walibaki wawili, Bi Macho akikunja aproni, msichana akichomeka sindano kwenye mto wake. Subana, iliyokwisha kushushwa rafuni na kutolewa kikoponi, ilikuwa juu ya meza ya kukatia, juu ya kipande cha kitambaa, mahali ambapo macho ya wote wawili yaliiona.

Tk, tk.

Ilitoka kwenye meza ya vifungo, ukingoni, pale palipochakaa.

Msichana aliinua uso kutoka kwenye mto wa sindano. "Dada," alisema, "mashine zimezimwa."

"Zimezimwa."

"Umesikia?"

"Nimesikia." Bi Macho aliichukua subana, akaivaa kidoleni. Ilikuwa baridi kwanza, kisha haikuwa. "Amekata uzi. Tusimkalie, twende zetu."

Akalichukua koti lake msumarini, akalivaa, akamtanguliza msichana. Mlangoni alihisi kitu kimemkaba, akapeleka mkono, akajikuta amefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alikuwa hafungi kile cha juu, maisha yake yote. Alisimama akiwa ameupa mgongo ukumbi wenye giza, akakifungua, akasikiliza kidogo, ndipo akatoka.